Mlimani Hatufeli Tena

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo mtaa umeingiliwa na wasomi. Wawili. Mmoja msichana mwenye miwani mikubwa na ubao wa kuandikia mkononi. Mwingine kijana mrefu, mrefu kiasi kwamba nyaya za umeme zilipomwona zilipata wasiwasi. Wanafunzi wa chuo kikuu, wametolewa darasani waje wajifunze kwa wananchi. Jambo jema. Wananchi ndio sisi. Na katika sisi, anayejua mambo ni mmoja.

Wakaenda kwa nani? Kwa fundi cherehani! Ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yangu, nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Eti kwa sababu kibarazani kwake kuna benchi. Mimi niliyekuwa utingo wa malori miaka sita, nikavuka mipaka mitatu, nikalala chini ya tela katika miji ambayo fundi cherehani hawezi hata kuitamka! Nimerukwa kwa ajili ya benchi.

Nikamaliza kile kichwa haraka (upande mmoja utajiotea wenyewe), nikavuka barabara, nikawakaribisha rasmi. Nikawaeleza kwamba saluni ya kinyozi ndiyo maktaba ya mtaa. Miwani akasema asante mjomba, akaendelea kuandika. Mrefu akacheka.

Nilichokipata: wanatafiti maji. Nani anateka, wapi, mara ngapi kwa siku. Nyumba thelathini huku kwetu mlimani, thelathini kule bondeni, liliko bomba. Ripoti itasomwa mbele ya watu wa idara ya maji, Jumamosi ya wiki ijayo. Atakayewapitisha nyumba kwa nyumba, kuanzia Alhamisi, ni fundi cherehani. Keshavaa tai. Fundi cherehani, tai!

Jioni nimembebea shangazi dumu moja. Shangazi ndiye aliyenilea, na sasa anakaa chumba cha nyuma ya saluni. Mwezi uliopita aliteleza kwenye mteremko akiwa na maji kichwani, goti la kushoto likavimba na halijarudi. Bado anashuka bondeni mara mbili kwa siku. Nikimwambia asubiri nimletee mimi, anasema maji yakibebwa na mtu mwenye hadithi nyingi hufika kesho.

Nimeapa. Kabla ya Alhamisi utafiti huu utakuwa wangu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Jumanne, 7 Oktoba

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga walisahau kutaja anayezikata.

Nimemwita Mrefu nimnyoe. Bure! Miwani kasuka, nimekosa pa kumshikia, kabaki kwenye benchi la fundi cherehani. Mrefu akaketi, nikamfunga shuka, akaweka fomu zake mezani kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Jicho moja likabaki kazini. La pili likasoma.

Moyo ulinilipuka. Maswali ishirini na mawili. Kila swali lina majibu manne, (a) mpaka (d). Maelekezo: weka alama ya vema kwenye jibu moja tu. Na juu kabisa, pembeni, nafasi ya namba.

Jamani, huu ni mtihani!

Mimi na mtihani tunajuana. Tumekutana mara tatu na mara zote tatu ulinirudisha nyumbani. Niliishia kidato cha pili, lakini sura ya mtihani siisahau hata ivae nguo gani. Utafiti, wanasema. Hata mng'oa meno husema hutasikia kitu.

Sasa picha nimeiona yote. Thelathini mlimani, thelathini bondeni. Mtaa kwa mtaa! Na bondeni wana mwalimu mkuu mstaafu. Walitufunga mpira, mabao manne kwa moja. Mashindano ya usafi wakatupita, sisi tukawa wa mwisho, nyuma ya mtaa wenye machinjio. Sasa wanataka kutupita kwenye karatasi mbele ya serikali nzima. Na fundi cherehani anawapeleka watu wetu mtihanini bila hata kuwanong'oneza! Yeye anajali tai.

Hapana. Mlimani hatufeli tena.

Fomu moja imebaki saluni. Sikuiiba. Mrefu aliinuka, karatasi haikuinuka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeamka mapema, nimeandaa majibu. Mke wangu akaichukua fomu, akaisoma mbele na nyuma, akauliza alama zimeandikwa wapi. Nikamwambia alama za mtihani mkubwa hazionyeshwi. Akauliza kama nina hakika ni mtihani. Nikamwuliza kama yeye amewahi kuvuka mpaka. Akarudi jikoni.

Kazi imekuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Swali la saba: unatumia muda gani kwenda kuteka maji na kurudi? Jibu bora ni lipi? Bila shaka (a), chini ya dakika kumi. Nani asifie kuchelewa? Swali la tisa: maji yanatosha nyumbani? (a), yanatosha sana. La kumi na moja: watoto huchelewa shule kwa sababu ya maji? (a), kamwe. Nimepitia yote ishirini na mawili. Yote (a)! Aliyetunga mtihani huu ni mvivu, Mungu ambariki.

Asubuhi nimefundisha wateja kitini. Hakuna mwanafunzi msikivu kama mwenye wembe shingoni. Seremala ndiye mgumu. Alisema yeye hutumia saa mbili na nusu, iweje aseme dakika kumi. Nikausimamisha wembe nikamwuliza anataka bondeni watucheke? Akasema (a). Nikamwambia arudie. Akarudia.

Wanawake ndio wengi, nao hawanyoi ndevu. Ikabidi niwafuate. Nimechukua dumu la shangazi, tumeshuka pamoja bondeni, tumeingia kwenye foleni. Foleni ndefu, imepita nyuma ya choo cha shule. Saa mbili na dakika arobaini nimesimama pale juani, nikipita kutoka ndoo hadi ndoo, nikiwafundisha watu kusema hakuna foleni.

Kuna waliocheka. Kuna walioguna. Lakini nilipotaja bondeni na lile goli la nne, wote wakashika somo. Shangazi peke yake ndiye aliyeniangalia, ameegemea dumu lake, goti amelifunga kanga.

"Mwanangu," akasema, "kama maji tunayapata kwa dakika kumi, hapa tunafanya nini tangu asubuhi?"

Nikamweleza kwamba mtihani hauulizi ukweli, unauliza jibu. Akaikaza kanga gotini. Niliona amenielewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku kuu! Watahiniwa wameingia.

Fundi cherehani mbele na tai yake, Miwani na Mrefu nyuma, mimi nyuma yao kwa umbali wa heshima. Nimefunga saluni. Kila nyumba nimesimama dirishani nikakohoa kidogo, kuwakumbusha. Haikuhitajika. Seremala kajibu kama maji yanavyomiminika. Muuza mkaa (a). Mama wa watoto saba (a), na huku watoto wawili wanaingia mlangoni na madumu, wameloa, bado wamevaa sare za shule! Mzee wa kona, ambaye kwa kawaida hupinga hata salamu, (a).

Miwani uso ulibadilika kuanzia nyumba ya tano. Akawa anauliza swali mara mbili. Akainua macho kwenye ndoo tupu zilizopangwa mlangoni, akayarudisha kwenye karatasi. Nadhani hakutegemea kukutana na mtaa wenye vichwa namna hii.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya kumi na nne. Alikuwa ameketi kitandani, mguu ameunyoosha. Miwani akamwita bibi, akamwuliza swali la saba kwa upole. Shangazi akanitazama dirishani. Akatazama dumu lake.

Akasema dakika kumi. Hazifiki.

Nilitoka pale kifua mbele. Nyumba thelathini, ishirini na nane zimepata yote. Mbili ni wapangaji wageni, hawana uchungu na mtaa. Fundi cherehani akaniuliza mbona leo mtaa mzima unaongea kwa mdomo mmoja. Nikamwambia huo ndio umoja, jirani, ungeujua kama usingekuwa unafunga tai.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mrefu amekuja kurekebishwa nyuma ya shingo. Nikamwuliza, kwa ujanja, bondeni wamefanyaje. Akasema bondeni wamelalamika sana, foleni, maji machafu, na wale wa mwisho kabisa wa bonde wanatembea karibu saa nzima. Nikacheka hadi mashine ikatikisika. Nikamwambia basi wamefeli.

Akaniuliza wamefeli nini.

Hapo ndipo aliponieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Idara ya maji ina bomba moja jipya. Moja tu. Ama litawekwa huku mlimani, ama kule mwisho wa bonde. Itategemea utafiti unaonyesha wapi shida ni kubwa zaidi. Na mlimani, kwa kweli mjomba, hamna shida yoyote. Amefurahi kwa ajili yetu.

Mashine ilipita yenyewe. Mrefu sasa ana njia katikati ya kichwa, kutoka kisogoni hadi utosini. Nikamwambia ndiyo mtindo wa mipakani. Akaangalia kioo, akashukuru. Kijana ana moyo mzuri.

Nilipofunga saluni nikamsikia shangazi akitoka chumbani kwake. Dumu kichwani, mkono ukutani. Nikamnyang'anya dumu. Nikashuka mwenyewe. Sikusimulia hadithi hata moja njia nzima.

Nimelipoteza bomba la shangazi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini aliyeyafundisha majibu ya kwanza anaweza kuyafundisha ya pili. Nimechukua karatasi mpya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Majibu mapya: yote (d). Zaidi ya saa nne. Hayatoshi kabisa. Watoto huchelewa kila siku. Nimepita nyumba zote kabla ya saa sita mchana. Watu wameghadhibika. Muuza mkaa akasema yeye hawezi kusoma mitihani miwili ndani ya wiki moja. Seremala akataka kujua sasa ipi ni ya kweli, ya Alhamisi au ya leo. Nikamwambia ya leo iko karibu zaidi. Nimewaeleza kuhusu bomba. Mama wa watoto saba akanitukana vizuri sana, kwa mpangilio, akaanzia ukoo wa baba.

Nilistahili. Nikamshukuru. Nikasonga mbele.

Mchana nimemwendea Miwani kwenye benchi la fundi cherehani. Nikamwambia mtaa unaomba kurudia mtihani. Nimekuta macho yake mekundu nyuma ya miwani. Mhadhiri wao kazipitia fomu za mlimani. Fomu ishirini na nane zimefanana alama kwa alama. Anaamini Miwani aliketi chumbani akazijaza mwenyewe. Jumatatu anakuja kujionea. Asiporidhika, fomu zetu zinatupwa, Miwani anarudia mwaka, na mlimani hatumo kwenye ripoti kabisa. Wa bondeni watabaki peke yao, na bomba lao.

Fundi cherehani alikuwa anashona kifungo, akanitazama juu ya sindano. Najua kuwa anajua. Alisema tu, bila kuinua sauti, kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Nikamwambia ashone.

Ningeweza kumwambia Miwani palepale kwamba ni mimi. Ulimi ulifika hadi kwenye meno. Lakini kuungama ni kazi ya mtu aliyeishiwa mipango. Mimi nilikuwa na mmoja bado.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mpango wenyewe: mhadhiri aone shida kwa macho yake. Aione imepangwa vizuri.

Saa tatu asubuhi nilikuwa na watu ishirini na wawili barabarani, kila mmoja na dumu. Foleni nzuri, imenyooka, inapendeza. Nimewapanga kwa kimo. Wa mbele wanafuta jasho (nimewanyunyizia mwenyewe kwa chupa ya saluni), wa katikati wanaegemeana, wa nyuma wanapiga miayo. Seremala nimempa nafasi ya msemaji, maana ana sauti ya huzuni.

Mhadhiri akashuka kwenye gari. Mtu mfupi, viatu safi, mikono nyuma. Miwani na Mrefu pembeni yake. Akaitazama foleni mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza inaelekea wapi.

Tukageuka wote kutazama. Foleni ilikuwa inaishia mlangoni mwa saluni yangu.

Kasoro ndogo! Nikawahi nikasema wamepumzika tu. Mhadhiri akamgeukia seremala. Sasa, mimi nilimfundisha seremala majibu kwa mpangilio, la kwanza la kwanza, la pili la pili, kama inavyotakiwa. Mhadhiri, mtu asiye na adabu ya kazi, akaanzia katikati. Akauliza nyumbani kwake wanatumia madumu mangapi kwa siku. Seremala akajibu zaidi ya saa nne. Akaulizwa anatumia muda gani njiani. Akajibu saba, na wa mwisho bado ananyonya.

Mhadhiri akavua kofia, akaivaa tena. Akamwambia Miwani kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, kwamba sasa anaelewa, na kwamba mtaa wa mlimani waufute. Miwani akaukumbatia ubao wake kifuani. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kusema. Ila kabla neno halijatoka, watu wakaanza kusogea pembeni.

Shangazi alikuwa anapanda mlima.

Nilikuwa nimemsahau. Sikumweka kwenye foleni kwa sababu ya goti, na yeye, wakati mimi nawapanga watu kwa kimo, alikuwa ameshuka zake kuteka maji. Dumu kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika paja la kushoto ulisukume. Alisimama mara ya kwanza kwa muuza mkaa. Mara ya pili kwenye nguzo ya umeme. Mara ya tatu mbele yetu. Nikamkimbilia, nikamtua.

Mhadhiri akamsalimia kwa heshima, akamwuliza kama naye alijibu maswali wiki iliyopita.

"Nilijibu, baba. Nilisema dakika kumi."

Akamwuliza kwa nini.

"Mwanangu aliniomba. Alitaka tushinde." Akavuta pumzi. "Sasa wewe usiniulize tena, maana huku watu wamechoka kuulizwa. Mimi narudi kuteka mara ya pili. Kama unataka kujua, nifuate."

Akachukua ndoo tupu, akageuka, akaanza kushuka.

Mhadhiri akatazama viatu vyake. Akamfuata. Miwani akavua saa mkononi akaishika. Mrefu akafuata, fundi cherehani na tai yake akafuata, na mimi nikafuata, na nyuma yetu ile foleni yangu yote, sasa inaelekea mahali.

Tulisimama bondeni kwenye foleni ya kweli. Pale nyuma ya choo cha shule, ndoo ya kumi na tisa kutoka bombani, nikasema. Nikasema yote: fomu, wembe, kukohoa dirishani. Nikasema Miwani hakujaza hata kijibu kimoja, nilivijaza mimi, kwenye midomo ya watu. Mhadhiri alinisikiliza huku akiwa ameshika ndoo ya shangazi kwa mikono miwili. Akaniuliza kama nilidhani ni mtihani kweli. Nikamwambia bado sijaona ushahidi wa kutosha kwamba si mtihani.

Saa mbili na dakika hamsini na tatu, kwenda na kurudi. Mhadhiri alibeba ile ndoo nusu ya mlima. Nusu nyingine nilibeba mimi, na mhadhiri nikamshika mkono.

Jumanne, 14 Oktoba

Uamuzi umetoka. Fomu zote za mlimani zimetupwa. Miwani amepewa siku tatu. Hatauliza mtu kitu. Atamfuata kila mtekaji kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi, saa mkononi, nyumba thelathini, yeye na Mrefu kwa zamu.

Nikajitolea kusaidia. Nikamweleza kwamba nina mawazo matatu tayari.

"Mjomba," akasema, amevua miwani anaifuta, "ukitaka kunisaidia, kaa ndani ya saluni yako mpaka Ijumaa. Usitoke. Usiongee na mtu."

Nimekubali. Makao makuu lazima yawe na mtu.

Jumatano, 15 Oktoba

Wameniwekea mlinzi. Fundi cherehani! Kaleta cherehani yake hadi saluni, kaiweka chini ya kioo changu, anashona na kunichunga. Anasema aliombwa. Nikimfungulia mteja mdomo, yeye husimamisha gurudumu la cherehani. Tak. Ninanyamaza. Anaendelea.

Wateja wamenyolewa leo bila hata neno moja. Wawili waliuliza kama nimefiwa.

Hata hivyo nilipata upenyo. Fundi cherehani alipoinama kuokota bobini ya uzi, nikamnong'oneza muuza mkaa awaambie watu wasikimbie njiani, waburute miguu kidogo, dakika zipatikane. Muuza mkaa akaenda. Baada ya muda Mrefu akaingia anahema. Akaomba, kwa niaba ya Miwani, nimwambie muuza mkaa aache kutembea kinyumenyume.

Fundi cherehani alicheka hadi akajichoma sindano. Nikampa spiriti. Nikamnyoa ndevu, maana zilikuwa zinaniudhi siku nzima zikiwa karibu namna ile. Akiwa ameegemeza kichwa, macho kayafumba, akaniambia mama yake naye huteka bondeni. Alianguka mwaka jana. Ndiyo sababu alivaa tai siku ile ya kwanza. Alidhani wasomi wakiona mtaa una mtu nadhifu watausikiliza.

Sikujua. Nikamwekea poda ya kutosha shingoni.

Tai yenyewe bado haimpendezi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukumbi wa shule. Mlimani tumekaa kushoto, bondeni kulia, idara ya maji mbele, watatu, wamekunja nne. Mwalimu mkuu mstaafu wa bondeni kaja na faili.

Miwani alisoma kwa sauti ndogo, halafu sauti ikakua. Hakusoma majibu ya mtu. Alisoma saa. Nyumba ya kwanza, saa mbili na dakika thelathini na moja. Nyumba ya pili, saa tatu kasorobo. Akaenda hivyo hivyo mpaka watu wa idara wakakunjua miguu. Alipofika nyumba ya kumi na nne hakusoma muda peke yake, alisoma na mahali shangazi alipopumzika: kwa muuza mkaa, kwenye nguzo, juu. Bondeni, hata wale wa mwisho kabisa, dakika hamsini na mbili.

Mwalimu mkuu mstaafu akasimama na faili lake. Akasema mlimani walikuwa wameshakiri hawana shida. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasimama, nikapunga mkono.

Mhadhiri akamjibu kwamba yeye binafsi alibeba ndoo ile, na kama mwalimu ana shaka, shangazi anashuka tena saa kumi. Mwalimu akaketi.

Bomba litawekwa mlimani. Pale kwenye nguzo ya umeme, watu wakipenda. Wataanza kuchimba wiki ijayo.

Watu walipiga kelele hata madirisha yakalia. Nilimtafuta shangazi nimkumbatie. Nikamkuta amelala kitini, mdomo wazi kidogo, mguu wa kushoto kaunyoosha kwenye kiti cha mbele. Sikumwamsha. Mke wangu akaniambia nitazame vizuri, baba watoto, nikumbuke siku nyingine kabla sijafungua mdomo.

Nimetazama vizuri sana.

Alhamisi, 27 Novemba

Bomba limetoa maji tangu Jumatatu. Siku ya kwanza shangazi aliteka mara tano. Madumu yalijaa, ndoo zikajaa, akajaza hadi sufuria na kikombe cha kunyolea. Nikamwuliza maji yote hayo ya nini. Akasema ya kuteka tu.

Leo Mrefu kaleta nakala ya ripoti, imefungwa vizuri, jalada la bluu. Miwani amefaulu kwa alama za juu, anasalimia. Mtaa mzima ukajaa saluni tujione. Kila nyumba imekuwa namba ndani ya jedwali. Shangazi ni namba kumi na nne. Fundi cherehani katajwa kwenye shukrani, mstari mmoja, akibanana na watu wengine kumi na mmoja na mlinzi wa maktaba. Idara ya maji mistari miwili. Mhadhiri mwenyewe, mstari na nusu.

Mimi nina ukurasa.

Ukurasa mzima! Wa thelathini na saba. Kichwa chake: Vikwazo Vilivyoukabili Utafiti. Jina hawakuweka, lakini nani asiyenijua? "Mkazi mmoja, kinyozi, aliwafundisha wahojiwa majibu." Halafu hatua kwa hatua, foleni ya saluni, watembea kinyumenyume, kila kitu, kwa Kiswahili fasaha. Nimesoma kwa sauti mara mbili. Seremala akaomba mara ya tatu, pale anapotajwa yeye kama "mhojiwa aliyekaririshwa".

Mke wangu kaficha uso kwa upande wa kanga. Fundi cherehani akaniambia, jirani, huo ni ukurasa wa aibu. Nikamwonyesha mstari wake. Nikauwekea kidole. Nikaweka kiganja changu chote juu ya ukurasa wangu, na bado maneno yakabaki pembeni.

Mrefu akanieleza, akiwa ananitazama kwa makini, kwamba Aprili linakuja kundi lingine, watatafiti takataka. Mhadhiri ameagiza wote wausome ukurasa wa thelathini na saba kabla hawajakanyaga mlimani. Akaniomba sana nielewe kwa nini. Nimeelewa. Chuo kikuu kizima kinanisoma.

Nimeshaanza kupita nyumba kwa nyumba kuangalia takataka zetu zikoje, na zinavyopaswa kuonekana. Majibu safari hii hayatafanana. Nimeandaa aina tatu, kwa zamu. Aprili nalenga kurasa mbili.